Anasoma Vizuri, Lakini Haoni Kitu

Siku ya wazazi katika shule nyingi za Migori na Homa Bay haikosi kipindi kimoja. Mtoto wa gredi ya tatu anaitwa mbele, anapewa kitabu cha Kiingereza, anasoma ukurasa mzima bila kukwama. Sauti iko juu, matamshi yamenyooka, kila nukta imepewa pumzi yake. Wazazi wanapiga makofi. Mwalimu mkuu anatabasamu. Mzazi aliyemtoa mwanawe shule ya serikali akampeleka akademia anajiambia kimoyomoyo kwamba karo haijapotea bure. Hakuna anayemwomba mtoto yule afunge kitabu aeleze, kwa lugha yoyote anayoitaka, alikuwa akiona nini alipokuwa akisoma. Swali hilo lingeharibu sherehe.

Nataka kuliuliza hapa, kwa sababu limefunikwa na imani iliyoota mizizi kuanzia Rongo hadi Muhuru Bay, kuanzia Oyugis hadi Mfangano. Imani yenyewe ni kwamba lugha ni bomba tu. Maana ni maji, na maji ni yale yale, yapite bomba la Kidholuo, la Kikuria, la Kiswahili au la Kiingereza. Basi, wanasema, ikiwa bomba la Kiingereza ndilo linalofika kwenye mtihani, chuo na ajira, kwa nini tuhangaike na mengine? Mfungulie mtoto bomba hilo akiwa na miaka minne, alisikie asubuhi hadi jioni, na Kidholuo akaongee na nyanya yake likizo. Waliosoma wanaamini hivyo, wasiosoma wanaamini zaidi. Hata walimu wa Kiswahili nimewasikia wakisema hivyo, jambo ambalo limenishangaza kidogo.

Mimi nasema imani hiyo ni kosa. Anayeelewa sentensi hamiminiwi kitu. Anajenga kitu mwenyewe kichwani, na vifaa vya kujengea ni yale aliyoyaona, akayagusa, akayanusa na kuyafanya huku lugha fulani ikisemwa pembeni yake. Lugha ambayo haijawahi kusemwa pembeni ya kitu chochote isipokuwa ubao na chaki itampa mtoto sauti za maneno na itamnyima kilichomo ndani.

Tuanze na jinsi sentensi inavyoeleweka. Mwaka 2002 Rolf Zwaan, Robert Stanfield na Richard Yaxley walichapisha jaribio dogo ambalo hadi leo linazungumziwa. Msomaji alipewa sentensi inayosema askari wa msitu alimwona tai angani, au nyingine inayosema alimwona tai kiotani. Kisha akaonyeshwa mchoro wa tai, akaulizwa kama ndege huyo ametajwa. Jibu ni ndiyo kotekote, na tai ni yule yule. Lakini aliyesoma habari za angani alijibu upesi zaidi akionyeshwa tai aliyekunjua mabawa, na aliyesoma habari za kiotani alijibu upesi zaidi akionyeshwa tai aliyeyakunja. Sentensi hazikutaja mabawa hata kidogo. Msomaji aliyaleta mwenyewe, bila kuombwa, na pengine bila kujua kwamba ameyaleta.

Hapo pa mabawa ndipo ubishi wetu ulipo. Kuelewa ni kuleta yasiyosemwa. Mwandishi yeyote husema sehemu ndogo tu ya anachotaka kijulikane, na iliyobaki anamwachia msomaji aijaze kutoka kwenye ghala lake. Ghala likiwa tupu, au likiwa limejaa lakini mlango wake haufunguki kwa lugha iliyotumika, msomaji anabaki na yale machache yaliyoandikwa.

Huku kwetu hatuhitaji tai. Omena inatosha. Huvuliwa usiku, hasa usiku usio na mwezi, kwa taa zinazowekwa juu ya maji ili mwanga uivute. Alfajiri mashua zinarudi, na jua likishapanda kidogo ufuo unametameta: nyavu kuukuu zimetandazwa chini, omena imemwagwa juu yake, wanawake wameinama wanaisambaza kwa viganja isilaliane, kisha wanaigeuza, na watoto wanafukuza kuku na kunguru. Kila mtu hapo ana jicho moja kwenye omena na jingine kwenye mawingu. Ikinyeshewa kabla ya kukauka inaharibika, na ikishaharibika mnunuzi wa chakula cha watu haitaki tena. Itaenda kusagwa kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa.

Mwambie mtoto wa Sindo, kwa Kidholuo, jambo moja tu: mama fulani alianika omena akaenda sokoni, na mawingu yakatanda. Usiongeze neno. Yaliyobaki atakupa yeye. Atakwambia jirani angepaswa kukimbilia beseni, kwamba harufu itabadilika kufikia jioni, kwamba mama yule akirudi si wakati wa kumwomba pesa za kalamu. Sasa mpe habari hiyo hiyo kwa Kiingereza cha kitabuni. Ataisoma. Huenda kila neno analijua, yaani ukimwuliza moja moja atakutajia tafsiri yake. Ukimwuliza mama yule alirudi akiwa katika hali gani, mara nyingi atainamia tena ukurasa, kwa sababu amefundishwa kwamba jibu limo kwenye maandishi. Kwenye maandishi halimo. Limo ufuoni, na ufuo wake haujawahi kusemwa kwa Kiingereza.

Mtu atasema huo ni utani wa mwandishi, mtoto ni mtoto, akizoea ataona tu. Basi tuwaache watoto tuwatazame watu wazima. Mwaka 2018 Sayuri Hayakawa na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti uliowataka watu wanaojua lugha mbili wajenge taswira kichwani, kwa lugha yao au kwa lugha waliyojifunza. Kwa lugha ya kujifunza, waliripoti taswira hafifu zaidi. Na hawakuishia kwenye kuripoti, maana mtu anaweza kujisingizia: walipopewa kazi inayohitaji kukumbuka maumbo ya vitu vilivyotajwa, walikosea zaidi katika lugha ya kigeni. Baadaye Tal Norman na Orna Peleg, watafiti wa Israeli, walifanya jaribio la aina ile ya tai na wasemaji wa Kiebrania waliojifunza Kiingereza. Katika Kiebrania mabawa yalikuja. Katika Kiingereza hayakuonekana. Hawa ni watu wazima waliokwisha kukisoma Kiingereza kwa miaka. Sisi tunamtarajia mtoto wa miaka sita wa Ndhiwa afanye kilichowashinda.

Haya ni matokeo ya maabara, na maabara ina mambo yake. Kuna majaribio mengine ambayo lugha ya pili ilionekana kuleta taswira, na kuna yaliyovuma sana kisha yakashindwa kurudiwa. Lile maarufu la Arthur Glenberg na Michael Kaschak la mwaka 2002, lililodai kwamba ukisoma sentensi ya kufunga droo mkono wako huwa mwepesi zaidi kusogea mbele, lilirudiwa na maabara nyingi kwa pamoja, matokeo yakachapishwa mwaka 2022, na athari ile haikupatikana. Kwa hiyo simwombi msomaji asimamishe nyumba nzima juu ya nguzo ya Chicago. Ninachosema ni kwamba hata tukichukua yale yanayosimama tu, hayaungi mkono hadithi ya bomba.

Na tuna ushahidi wa nyumbani. Mwaka 2016 Benjamin Piper, Leila Schroeder na Barbara Trudell walichapisha uchunguzi wa watoto wa Kenya wanaojifunza kusoma katika lugha zaidi ya moja. Kwa Kiingereza watoto walisoma maneno mengi zaidi kwa dakika kuliko kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani. Sehemu ya sababu ni ya kawaida kabisa, maneno ya Kiswahili ni marefu na yamebeba viambishi vyake mgongoni. Lakini maswali ya ufahamu yalipoulizwa, mambo yaligeuka: waliosoma polepole katika lugha wanayoijua walielewa zaidi kuliko walivyoelewa Kiingereza walichokisoma kwa kasi. Mwenye kupiga makofi siku ya wazazi anapima kasi. Anadhani anapima akili.

Hapo hutolewa hoja ya mtihani, na hii siidharau. Mzazi wa Awendo anayeuza miwa hana anasa ya kufanya majaribio na maisha ya mwanawe. Ameona KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ikiamua nani aende shule gani hadi ilipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na ameona kwamba mitihani iliyoifuata nayo, ukitoa somo la Kiswahili, imeandikwa kwa Kiingereza. Kutoka gredi ya nne, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia. Kwa nini mwanawe asianze mapema?

Kwa sababu kuanza mapema kusoma usichokiona si kuanza. Ni kuzoea. Mtoto anayepitisha miaka mitatu ya kwanza akitamka kurasa zisizomwonyesha kitu anajifunza jambo moja kwa ukamilifu, kwamba kusoma ni kutamka. Akifika gredi ya sita akakutana na swali la sayansi linalomtaka afikirie maji yanavyopanda kuwa mvuke na kushuka kuwa mvua, jambo ambalo ukimweleza kwenye mteremko wa Homa Hills, ziwa likiwa mbele yake, atalishika kabla hujamaliza, yeye anatafuta kwenye ukurasa neno linalofanana na neno la swali. Akilipata ananakili sentensi nzima. Walimu wanaijua tabia hii, wanailalamikia kila muhula kwenye chumba cha walimu. Kisha wanarudi gredi ya kwanza kuipanda upya.

Tena sera yenyewe haijawatuma. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ndiyo iliyoegemea Kiingereza tangu darasa la kwanza. Lakini kufikia mwaka 1976 kamati ya Gachathi ilipendekeza lugha ya eneo itumike miaka mitatu ya kwanza, na msimamo huo umebaki kwenye karatasi tangu hapo, mtaala wa umilisi ukiwemo. Nusu karne karatasi inasema hivi, darasa linasema vile. Na si serikali inayowazuia walimu. Ni sisi wazazi, tunaotishia kuhamisha mtoto tukisikia amefundishwa hesabu kwa Kidholuo.

Sasa niwageukie watu wa upande wangu, maana wao nao wana uongo wao mtamu. Kuna wanaotetea lugha ya mama kana kwamba taswira zimo kwenye damu, mtoto akizaliwa wa kabila fulani basi lugha ya mababu imekwisha kumfungulia macho. Waende Mfangano au Rusinga. Wasuba walikuwa na lugha yao, ya Kibantu, jamaa ya lugha za ng'ambo ya ziwa. Kwa vizazi kadhaa Kidholuo kimeimeza, shuleni, kanisani, sokoni na katika ndoa. Juhudi za kuirudisha zipo na ninaziheshimu, redio ya Ekialo Kiona kisiwani Mfangano ikiwa mojawapo. Lakini mtoto wa leo wa Rusinga anayeota, kugombana na kuchezea maji kwa Kidholuo, ukimpa kitabu cha kwanza kwa Kisuba kwa sababu babu wa babu yake alikuwa Msuba, umempa lugha ya pili nyingine. Ataitamka vizuri, na hataona. Kisuba kinastahili kufundishwa, tena kwa nguvu, ila kifundishwe kwa kuishi nacho: kwa wazee kukaa na watoto wakiwa na makasia na jembe mkononi. Jina la ukoo halimwonyeshi mtoto chochote.

Picha hutoka kwenye matumizi. Chukua kijana wa Mbita ambaye Kiingereza chake cha insha kinamtia aibu, mkalishe mbele ya mechi ya Arsenal yenye mtangazaji wa Kiingereza, kisha umeme upotee abaki na sauti ya redio peke yake. Ataona kila kitu. Ataona winga akipiga krosi, ataona bendera ya ofsaidi ikipanda kabla mtangazaji hajaitaja. Lugha ni ya kigeni, picha ni safi. Kwa nini? Kwa sababu Kiingereza hicho alikisikia huku macho yake yakiwa uwanjani, Jumamosi baada ya Jumamosi. Hakuna aliyemfundisha ofsaidi ubaoni. Kwa hiyo anayeniambia nakichukia Kiingereza hajanisikia. Nasema Kiingereza kikiletwa pamoja na vitu vyake, kinaona. Kikiletwa kikiwa uchi, na kibao cha aibu shingoni mwa anayesema Kidholuo, ni kelele zenye sarufi.

Na hapa naomba msomaji wa Kiswahili avumilie, kwa sababu dawa ni chungu kwetu pia. Tunapenda kusema: Kiingereza ni cha mkoloni, tumia Kiswahili. Ndani kabisa ya Ndhiwa au Nyatike, Kiswahili nacho ni lugha ya shule. Kidholuo ni cha jamii ya Kinailoti, hakina undugu na Kiswahili, na mtoto wa huko hukutana na ngeli zetu kitabuni kama anavyokutana na vitenzi vya Kiingereza. Ukimhamisha kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili na kutangaza kwamba umemkomboa, umembadilishia mzigo. Isebania ni habari nyingine. Pale Kiswahili kinanunua na kuuza, kinagombania nauli, kinavuka mpaka kwenda Sirari na kurudi mara kumi kwa siku. Mtoto wa Kikuria wa pale anakiona anachokisema. Mji wa Migori vilevile, wenye Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya na Wasomali kwenye mtaa mmoja, hauwezi kuchagua lugha ya nyumbani ya mmoja ukawaacha wengine, na watoto wenyewe wamekwisha kuchagua: wanacheza kwa Kiswahili. Basi darasa liwafuate. Anayeleta hoja kwamba lugha za mama zitatugawa kikabila anasahau kwamba kigezo si kabila. Kigezo ni lugha ambayo watoto wa darasa hilo wanagombania mpira nayo.

Wenzetu wa Tanzania, ng'ambo ya mpaka, wasitucheke. Mtoto wa Kikuria wa Tarime anaanza darasa la kwanza kwa Kiswahili, ambacho huenda nyumbani hakisemwi, na akifika kidato cha kwanza katika shule ya serikali anageuziwa kila kitu kuwa Kiingereza. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walikiita kitabu chao cha mwaka 1997 jina lenye neno mgogoro, na hawakutia chumvi.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo ni nzuri kuliko zote, na ajabu ni kwamba hawaitumii. Wangeweza kusema: taswira si uelewa. Francis Galton aliwauliza watu mwaka 1880 waikumbuke meza yao ya staftahi, akagundua kwamba baadhi yao, wanasayansi wakiwemo, hawakuwa wakiona picha yoyote kichwani. Mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo jina la afantasia. Watu hao wanasoma riwaya, wanaongoza kampuni, wanaelewa kila kitu. Kumbe picha si lazima.

Nakubali yote isipokuwa hitimisho. Sijali kama mtoto anaona rangi kichwani au haoni. Ninachojali ni kama analeta yasiyosemwa: mabawa, mvua, hasira ya mama. Mwenye afantasia anayaleta kwa njia yake, kwa sababu maneno yamefungwa kwenye mambo aliyoyaishi. Picha ni dalili iliyo rahisi kuiuliza, na kwa mwalimu mwenye watoto sitini darasani dalili rahisi ni neema. Ndiyo maana nasema mwulize ameona nini.

Wengine wataniletea utafiti wa Kenya yenyewe dhidi yangu. Mradi wa PRIMR ulijaribu kufundisha kusoma kwa lugha ya mama, Kikamba na Kibukusu, na watoto walisoma vizuri zaidi lugha hizo. Lakini uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba faida hiyo haikumwagikia Kiingereza, wala hesabu haikupanda. Unaona, watasema, lugha ya mama haisaidii mtihani. Naona kinyume. Kama lugha ingekuwa bomba, aliyejifunza kusoma kwa Kikamba angetiririka tu hadi Kiingereza bila kazi ya ziada. Haikuwa hivyo, kwa sababu Kiingereza kina vitu vyake vya kufungwa navyo, kimoja kimoja, na hakuna lugha nyingine inayoweza kuifanya kazi hiyo kwa niaba yake. Lugha ya nyumbani humfundisha mtoto kwamba kusoma ni kuona. Mwalimu wa Kiingereza ana zamu yake baada ya hapo, na zamu hiyo haifanywi kwa kukariri.

Usidhani haya yanaishia darasani. Kila mwaka kaunti huita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, kama Katiba ya mwaka 2010 inavyodai. Ofisa anasimama mbele ya ukumbi, anasoma kurasa za Kiingereza zenye mafungu ya mamilioni, anamaliza, anauliza kama kuna swali. Kimya. Kimya hicho kinaandikwa kuwa ridhaa. Msomee mama wa Kendu Bay fungu hilo hilo kwa Kidholuo, umtajie barabara kwa jina la soko inakoanzia na mto inakoishia, uone kama atanyamaza. Atakuuliza daraja liko wapi, maana ameiona barabara yako ikifika mtoni.

Na asiyeona si msikilizaji peke yake. Mwaka 2014 Albert Costa, Keysar na wenzao walionyesha kwamba watu wakipewa lile fumbo la kumsukuma mtu mmoja afe ili watano wapone, wengi zaidi hukubali kusukuma wakiulizwa kwa lugha ya kigeni. Hayakawa na Keysar wanasema kufifia kwa taswira ni sehemu ya sababu: yule mtu wa kusukumwa haonekani vizuri. Kuna watu huku kwetu wanaosifu jambo hili, wakisema Kiingereza kinatuliza, kinaondoa jazba, ndiyo maana kinafaa ofisini. Labda kinafaa kwa hesabu. Lakini kila mwaka omena hufungiwa kuvuliwa kuanzia Aprili hadi Julai ili izaliane, amri ambayo nina hakika ina maana kwa ziwa. Anayeiandika kwa Kiingereza anaona kalenda yenye miezi minne iliyotiwa rangi. Mwanamke wa Muhuru anayeanika omena anaona wavu mtupu chini, deni la chama na barua ya karo ya muhula wa pili. Kama kikao kinachoipanga miezi hiyo kingefanywa kwa lugha yake, walioketi mezani wangelazimika kuona anachokiona, na huenda wangekumbuka kupanga atakula nini mwezi wa tano. Utulivu unaopatikana kwa kutomwona mtu sijui tuuite hekima ya namna gani.

Turudi kwa watoto, kwa kuwa huko ndiko kunakorekebishika upesi. Mwalimu hahitaji mradi wa wafadhili. Somo la Kiingereza likisomwa, vitabu vifungwe na watoto wachore walichosoma, kwa mkaa kwenye boksi kama hakuna karatasi. Maswali ya ufahamu ya miaka ya kwanza yaulizwe kwa lugha ambayo mtoto anaona nayo, hata kama habari iliyosomwa ni ya Kiingereza. Atakayejibu vibaya hapo ndipo tutajua hakuelewa, badala ya kudhani hakuweza kujieleza. Kiingereza chenyewe kitoke nje: kifundishwe ufuoni, kwenye shamba la miwa, kwenye kuta za mawe za Thimlich Ohinga, mtoto akiwa na mkono juu ya jiwe wakati neno linasemwa. Hilo litachukua muda mrefu kuliko kukaririsha. Ndiyo, litachukua.

Na isisemwe kwamba tunasubiri Nairobi. Nyongeza ya nne ya Katiba imeweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti. Ni Migori na Homa Bay zenyewe zinazoajiri walimu wa watoto wa miaka minne na mitano, zinazowajengea madarasa, na zinazopitisha bajeti ya vitabu vyao. Madiwani wa mabunge ya kaunti hizo mbili wana uwezo, katika bajeti ijayo, wa kulipia vitabu vya kwanza kwa Kidholuo na Kikuria, na kwa Kiswahili pale miji ilipochanganyika, na kuwaagiza walimu wavitumie. Naomba wapiga kura wa Kuria, Suba, Uriri, Karachuonyo na kwingineko wawaulize wawakilishi wao swali hilo mwaka huu, na wawaulize kwa lugha ya nyumbani.